Dada wawili wa tumbo moja: hedhi imekoma kwa wote, mmoja anaifurahia ndoa kuliko zamani, mwingine hataki kuguswa. Kwa nini?

#1 MamaShani_Moro

Wanajukwaa, habari zenu. Naomba tulizungumze jambo hili kwa heshima na bila kuzungukazunguka, kwa kuwa linawahusu mama zetu, wake zetu na sisi wenyewe tuliovuka miaka arobaini na mitano.

Nina miaka 53 na mdogo wangu wa kike ana 51. Tumetoka tumbo moja, tumefundwa na kungwi mmoja, na siku zetu zimekatika kwa kupishana miezi michache. Tangu hedhi inikome, mimi ninalifurahia tendo la ndoa kuliko nilivyolifurahia nikiwa na miaka thelathini, wakati kila mwezi ulikuwa na hofu ya mimba na kila usiku ulikuwa na mtoto anayelia. Mdogo wangu ameniambia kwa machozi kwamba yeye hataki hata mumewe amshike bega, kwa sababu anajua kushikwa bega kunaishia wapi, na huko anakoishia anaumia. Ndoa yao inayumba. Wenzake wa kikoba wamemwambia kwamba hiyo ni kawaida, kwamba mwanamke akishakata siku mambo hayo yamekwisha, na kwamba mwenye kasoro ni mimi.

Sikubali kwamba nina kasoro, wala sikubali kwamba yake yamekwisha. Ninachouliza ni hiki: ni nini kinachotutofautisha?

#2 Nesi_Mstaafu_Dom

MamaShani, ahsante kwa kuuliza hadharani. Nimefanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu, na katika maelezo yako naanzia pale uliposema kwamba mdogo wako anaumia. Mwanamke anayeumia hatuwezi kumhesabu moja kwa moja kuwa amekosa hamu, kwa kuwa mwili unaotarajia maumivu hukimbia mapema, kabla hata mwenyewe hajaamua.

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma pale miezi 12 mfululizo inapopita bila damu, na kwa wanawake wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inaposhuka, ngozi laini ya ndani ya uke huwa nyembamba, damu inayofika hapo hupungua, ute huchelewa au hukosekana, na hali ya asidi inayozuia vijidudu hubadilika. Ndiyo sababu mama huyo huyo anayelalamikia maumivu ya tendo la ndoa mara nyingi hulalamikia pia mkojo unaochoma na unaombana kila mara. Joto la ghafla na jasho la usiku kwa kawaida hutulia miaka inavyopita, lakini ukavu huu hautulii wenyewe, na usipotibiwa huelekea kuzidi.

Hatua ya kwanza ni rahisi: kilainishi cha maji kinachouzwa famasi, kitumike cha kutosha, na kisionewe aibu. Isipotosha, daktari anaweza kuandika estrojeni ya dozi ndogo inayowekwa ukeni, ambayo hufanya kazi hapo hapo na huingia kidogo sana katika damu. Naomba pia kila mama anayesoma hapa ashike hili: damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, hata tone, au ikitoka baada ya tendo la ndoa, nenda hospitali ukapimwe, kwa kuwa inaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi au ya mfuko wa uzazi.

#3 Babu_Kahama

Nesi, maelezo yako ni mazuri lakini hayajajibu swali. Estrojeni imeshuka kwa dada wote wawili. Kama ndiyo sababu, mbona MamaShani haumii? Mimi ninawashauri mtazame waume. Dada ni wawili wa mama mmoja, lakini waume si ndugu.

#4 SomoWaBagamoyo

Babu Kahama, shikamoo. Leo umesema kweli, ingawa sikutarajia itoke kwako.

Mimi nimefunda wari wengi, na ninasema kwa masikitiko kwamba mafundisho yetu siku hizi yanaishia mlangoni pa chumba cha bibi harusi. Zamani somo alikuwa wa maisha. Mwanamke akizaa alirudi kwa somo wake, akigombana na mumewe alirudi, na siku zilipokatika alirudi pia, akaelezwa kwamba mwili umebadilika na kwamba mume naye lazima abadilike. Leo kuna sherehe ya usiku mmoja, vyombo vinatolewa, picha zinapigwa, kisha mwari anaachwa na yale aliyoyasikia katikati ya vigelegele. Anafundishwa namna ya kumridhisha mume. Hafundishwi kusema anachokitaka yeye, na akifika miaka hamsini hana pa kuuliza.

Anayedhani mambo haya ni ya wasichana amkumbuke Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013 akiwa mtu mzima sana, ambaye jina lake lilijulikana kwa taarabu na kwa unyago pia. Waliokuwa wakifundisha walikuwa wazee, na hakuna aliyewaona kuwa na kasoro.

Jibu langu kwa MamaShani ni muda. Jiko la mkaa halikolei kwa pumzi moja, na mwanamke wa makamo anahitaji kuandaliwa kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji akiwa na ishirini. Mume mwenye haraka atamuumiza hata kama ana nia njema. Mafuta ya nazi yasafishwe vizuri yatumike, tumeyatumia tangu enzi za bibi zetu.

#5 Nesi_Mstaafu_Dom

Somo, mafuta ya nazi sina ugomvi nayo kwa wengi, isipokuwa kwa wanaotumia kondomu, kwa kuwa mafuta ya aina yoyote hudhoofisha mpira wa latex na kondomu hupasuka. Msidhani kondomu ni ya vijana peke yao. Mimba haiwezekani tena, lakini Virusi vya Ukimwi havina umri, na ngozi nyembamba ya uke huchubuka kwa urahisi.

#6 Kijana_Ubungo

Samahani wazazi wangu kwa kuingia katika mazungumzo ya wakubwa. Nilisoma mahali kwamba hamu ya mwanamke hutokana na testosteroni, na kwamba hedhi ikikoma testosteroni nayo inakatika ghafla. Kwa hiyo dawa si ingekuwa kumchoma sindano ya homoni hiyo?

#7 Tabibu_wa_Mbeya

Kijana, karibu, lakini hilo la kukatika ghafla si sahihi. Testosteroni ya mwanamke hushuka polepole kuanzia miaka ya ishirini, na kufikia miaka ya arobaini huwa imebaki takriban nusu ya ilivyokuwa. Hedhi inapokoma yenyewe hakuna anguko la ghafla, kwa sababu ovari, yaani vifuko vya mayai, na tezi zilizo juu ya figo huendelea kuitengeneza. Anguko la ghafla humpata mwanamke aliyetolewa ovari zote mbili kwa upasuaji. Mwaka 2019 vyama vya kitabibu vya kimataifa vilitoa msimamo wa pamoja kuhusu testosteroni kwa wanawake, na vikakubali sababu moja tu ya kuitumia: mwanamke ambaye hedhi yake imekoma, ambaye amepungukiwa hamu kiasi cha kumtesa, na ambaye amechunguzwa kikamilifu bila kukutwa na chanzo kingine. Hata huyo apewe dozi ya kike, kwa kuwa dozi ya kiume inaweza kuleta ndevu na kuifanya sauti iwe nzito, na sauti ikishabadilika inaweza isirudi.

Ndugu Babu Kahama, swali lako katika #3 ni la msingi. Estrojeni hushuka kwa wote, lakini haiwaathiri wote kwa kiasi kimoja. Baada ya ovari kupumzika, mafuta ya mwilini huendelea kubadilisha homoni nyingine kuwa aina dhaifu ya estrojeni, na kiasi hicho hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kisukari hupunguza ute. Baadhi ya dawa za presha hupunguza hamu, na dawa nyingi za sonona huchelewesha kufika kileleni au hukizuia kabisa. MamaShani, mdogo wako anatumia dawa gani?

Nimuunge mkono na Somo pia. Masters na Johnson, Wamarekani waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1966, walieleza mwili wa binadamu unavyopanda hatua kwa hatua kutoka msisimko hadi kilele, na baadaye wengine wakaiweka hamu mwanzoni kabisa, kana kwamba bila kutamani kwanza hakuna safari. Mwaka 2000 daktari Rosemary Basson wa Kanada alipendekeza maelezo tofauti: kwamba wanawake wengi, hasa walio katika ndoa za muda mrefu, huanza bila hamu yoyote, wakiwa tayari tu kuwa karibu na mwenza wao, na hamu huja baadaye, mguso ukiwa mzuri na moyo ukiwa umetulia. Mwanamke wa namna hiyo anayekaa akiisubiri hamu ije kwanza anaweza kujihukumu kuwa amekwisha, hali mwili wake hauna ubaya wowote.

#8 Fatuma_Likoni

Assalaam alaykum kutoka pwani ya Kenya. Nataka kuongeza kisa changu kwa sababu ya wanawake wenye uvimbe wa kizazi wanaoogopa kisu.

Nilitolewa kizazi nikiwa na miaka 46. Nilikuwa navuja damu karibu nusu ya kila mwezi, nimekonda na damu yangu imeshuka. Wifi zangu waliniambia kwamba mwanamke asiye na kizazi huwa gogo, na kwamba mume atahisi ameingia katika nyumba tupu. Nilikaribia kukataa upasuaji kwa maneno hayo. Ovari zangu ziliachwa. Nilipopona, nililala na mume wangu bila taulo chini, bila maumivu ya tumbo na bila kuhesabu tarehe, na furaha niliyoipata sikuwahi kuijua tangu nizae mtoto wa mwisho.

#9 Tabibu_wa_Mbeya

Fatuma, wa alaykum salaam. Kisa chako kinafanana na matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Maryland, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1999: kwa jumla, wanawake waliotolewa kizazi waliripoti maumivu kupungua na tendo la ndoa kuwa bora kuliko kabla ya upasuaji. Jambo la kumuuliza daktari kabla ya kusaini ni kama ovari zitaachwa au zitatolewa, na kwa sababu gani.

#10 Bhoke_T

Nimesoma yote kimya, lakini sasa nitasema jambo ambalo hamjaligusa. Mimi ni mtu wa Tarime na nilikeketwa nikiwa binti. Katika mazungumzo kama haya kila mtu huzungumza kana kwamba sote tulianza na mwili mzima. Kwangu maumivu hayakuanza na hedhi kukoma, yalikuwapo tangu usiku wa kwanza, ila nilipokuwa kijana ute ulinisaidia kuyavumilia. Ute ulipopungua, kovu lilikumbuka kila kitu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba sina kilichobaki cha kuhisia. Daktari mmoja wa kike, ambaye nilimwendea kwa ajili ya mkojo, ndiye aliyenichorea kwenye karatasi na kunionyesha kwamba kinembe kinachoonekana nje ni ncha tu, na kwamba sehemu yake kubwa imo ndani, imekumbatia njia ya uke pande mbili. Nililia mbele yake. Kujua tu kulibadilisha kitu, na kwa kilainishi na subira ya mume wangu nimeanza kupata raha katika umri ambao wenzangu wanasema wamefunga duka. Nchini Kenya mwanamke mmoja katika kila watano amepitia haya, na kwetu Mara msiniulize. Mnapohesabu sababu, nasi mtuhesabu.

#11 Mchambuzi_Takwimu

Dada Bhoke, pole, na ahsante kwa ujasiri wako. Ninasahihisha takwimu moja tu, na kwa furaha. Ile ya mmoja kati ya watano ni ya uchunguzi wa mwaka 2014, uliokuta asilimia 21 ya wanawake nchini Kenya wamekeketwa, na ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 15. Tanzania ilikuwa asilimia 10 katika uchunguzi wa 2015-16 na ikashuka hadi 8 mwaka 2022. Alichochorewa na daktari kina ushahidi pia: mwaka 1998 daktari wa upasuaji Helen O'Connell wa Australia na wenzake walionyesha kwamba kiungo hicho ni kikubwa kuliko vitabu vya kitabibu vilivyokuwa vikikichora. Huo ni mwaka ule ule ambao Marekani iliidhinisha kidonge cha kwanza cha nguvu za kiume. Linganisheni.

Sasa tazameni takwimu hizo za Kenya na Tanzania ni za nani. Ni za wanawake wa miaka 15 hadi 49. Uchunguzi wetu mkubwa wa afya unamhoji mwanamke kuhusu uzazi, ndoa na ukatili hadi siku ya mwisho ya miaka 49, na akitimiza 50 anatoka kwenye daftari. MamaShani ana 53 na mdogo wake ana 51. Wote wawili hawamo. Ndiyo maana tunajibiwa na wenzetu wa kikoba, kwa sababu hakuna mwingine aliyetuuliza chochote.

#12 Mzee_wa_58

Naandika kwa jina hili kwa mara ya kwanza. Babu Kahama amewataja waume akaishia njiani, na mimi nitamalizia.

Nina kisukari na presha. Nguvu zangu zilianza kunipungukia na sikumwambia mke wangu. Nilianza kuchelewa kurudi, nikawa nalala nikiwa nimemgeuzia mgongo, na nilipothubutu nilifanya haraka kabla nguvu hazijaniponyoka. Yeye alikuwa katika umri huo huo wa hedhi kukoma, akahitimisha kwamba amezeeka na kwamba simtamani tena, kisha naye akajifunga. Tulipozungumza hatimaye, tuligundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa akimkinga mwenzake na aibu. Wanawake mnaosoma hapa, kabla hamjajilaumu, ulizeni habari za afya ya mume.

#13 Tabibu_wa_Mbeya

Mzee, umesaidia wengi. Uchunguzi uliofanywa Massachusetts na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba asilimia 52 ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 walikuwa na upungufu wa nguvu, mdogo au mkubwa. Wengi wao wana wake wa makamo.

#14 Dada_Leicester

Habari za nyumbani. Huku Uingereza, tangu mwaka 2022 mwanamke wa miaka 50 na kuendelea ambaye hedhi yake imekoma kwa mwaka mzima anaweza kununua famasi vidonge vidogo vya estrojeni vya kuweka ukeni bila cheti cha daktari, baada ya kuulizwa maswali na mfamasia. Nilimweleza mama yangu kwa simu na akakataa katakata, akisema dawa za homoni zinaleta saratani.

#15 Nesi_Mstaafu_Dom

Dada, mama yako hajatunga. Hofu hiyo ina historia. Julai 2002 uchunguzi mkubwa wa Marekani ulisimamisha sehemu yake iliyowahusisha wanawake zaidi ya 16,000 waliokuwa wakipewa estrojeni na projestini, homoni nyingine, kwa vidonge vya kumeza au vidonge visivyo na dawa, kwa kuwa saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda viliongezeka kwa waliopewa homoni. Habari ikazunguka dunia na madaktari wengi wakaacha kuziandika. Kilichosahaulika ni kwamba wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 63, yaani wengi wao walianza dawa miaka mingi baada ya hedhi kukoma, na kwamba walikuwa wakimeza vidonge vinavyoenea mwili mzima. Dawa ya kuweka ukeni kwa dozi ndogo ni habari nyingine. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti ndiye anayepaswa kuzungumza kwanza na daktari wake wa saratani.

#16 Zuhura_Mtwara

Mmezungumza homoni, visu na vidonge, na vyote vina nafasi yake. Nitawaeleza iliyoua hamu yangu mimi, ambayo hakuna kipimo kitakachoiona.

Nilipokuwa na miaka 48 mume wangu alioa mke wa pili kwa siri. Sheria ya dini yangu inamruhusu kuoa, sikatai, lakini alinificha kwa muda mrefu, na niliambiwa na watu wa sokoni. Tangu siku ile mwili wangu ulifunga. Nilipata jasho la usiku na ukavu kama mlivyoeleza, nikapewa dawa, ukavu ukapungua na hamu haikurudi. Kisha nikahamia chumba changu mwenyewe. Usingizi ulirudi, afya ilirudi, na baada ya muda hamu nayo ilirudi, ila haikuwa kwake. Ninasema hivi ili mjue kwamba kuna wanawake ambao mnawaita waliokwisha, kumbe hawajakwisha, wamekasirika.

Wanaume wanaopenda kutukumbusha haki zao wasome pia Sura ya pili, aya ya 226, inayompa mume aliyeapa kujitenga na mkewe miezi minne tu kabla ya kurejea au kuamua. Mke naye ana haki kitandani, na haki hiyo haina kikomo cha umri.

#17 Babu_Kahama

Zuhura, pole sana mwanangu. Wakristo nasi tuna maneno ya Paulo katika Wakorintho wa Kwanza sura ya saba, ambapo mume anaanza kuamriwa ampe mkewe haki yake, kabla ya mke kuamriwa. Wengi huanza kuisoma katikati.

#18 Bibi_wa_Wajukuu

Wanangu, nitawapinga kidogo. Nina miaka 60. Nilipopata mkwe niliacha mambo hayo, na mume wangu, Mungu amrehemu, alikubali. Kwetu tulilelewa tukijua kwamba mama mwenye mkwe hawezi kupishana mimba na binti yake, na tuliona hivyo ndivyo heshima. Sikuumia, sikukasirika na sikuwa mgonjwa. Nilipumzika, na nilifurahia kupumzika. Sasa ninaposoma hapa naona kila asiyetaka anatafutiwa dawa.

#19 Mchambuzi_Takwimu

Bibi, shikamoo. Desturi hiyo haiko kwenu peke yenu. Mwaka 1977 John na Pat Caldwell waliandika kuhusu Wayoruba wa Nigeria, na wakaeleza kwamba wanawake wengi huko waliacha tendo la ndoa walipokuwa bibi. Na Marekani, uchunguzi uliowafuatilia wanawake wa makamo kwa miaka mingi ulikuta kwamba kwa takriban robo yao tendo la ndoa liliendelea kuwa muhimu sana miaka yote hiyo, kwa wengine takriban robo halikuwa muhimu tangu mwanzo, na kwa waliobaki umuhimu wake ulipungua kadiri umri ulivyosonga. Njia ni nyingi, na ya kwako ni mojawapo.

#20 SomoWaBagamoyo

Bibi, ninakuheshimu, lakini niruhusu nikuulize. Sababu ya desturi ilikuwa mimba ya mama kupishana na mimba ya binti. Hedhi ikishakoma, mimba hiyo haipo. Kwa nini basi katazo libaki?

#21 Bibi_wa_Wajukuu

Kwa sababu lilinifaa, Somo. Anayeona halimfai asilifuate.

#22 MamaShani_Moro

Nimewasoma wote na nimezungumza na mdogo wangu, naye ameniruhusu kuandika haya. Tabibu, anameza dawa ya presha kwa muda mrefu sasa, na mwaka jana aliongezewa dawa ya sonona. Anamuuguza mama mkwe wake aliyepooza, na humgeuza usiku wa manane kila siku. Jambo jingine sikulijua mpaka jana: kikoba hicho hicho kilichomwambia kwamba yamekwisha ndicho kilichomfundisha kujisafisha kwa maji ya shabu ili abane na mume asitoke nje.

#23 Nesi_Mstaafu_Dom

Aache shabu leo hii, na aache kuingiza sabuni, ndimu au kitu chochote ndani ya uke. Shabu hukausha na kukaza ngozi ambayo tayari ni nyembamba na kavu. Kinachoitwa kubana ni ngozi iliyokwaruzwa, na ndiyo inayomuuma. Anayetaka kuimarisha misuli ya nyonga afanye mazoezi ya kuibana na kuiachia, yale yaliyoandikwa na daktari Arnold Kegel mwaka 1948 kwa ajili ya akina mama waliokuwa wakivuja mkojo.

#24 SomoWaBagamoyo

Na makungwi wa pwani tunayafundisha, Nesi, bila kumtaja Kegel. Kuhusu shabu nakuunga mkono. Siifundishi.

#25 Babu_Kahama

Basi jibu limepatikana. Ni shabu.

#26 Tabibu_wa_Mbeya

Babu, usifunge kesi mapema. Shabu inaeleza maumivu, lakini alianza kuitumia kwa sababu alikuwa tayari anahofia kumpoteza mume. Dawa ya sonona inaeleza kukosa kilele, lakini alipewa kwa sababu alikuwa ameelemewa. Mwanamke asiyelala usiku kucha hana hamu hata akiwa na miaka 25. Dawa asiziache peke yake, hasa ya presha, bali arudi kwa daktari aliyempa na aseme wazi kwamba zinamwathiri kitandani, kwa kuwa mara nyingi ipo nyingine ya kubadilishiwa.

#27 Bhoke_T

Na mama mkwe agawanywe. Shemeji na mawifi wapo?

#28 Zuhura_Mtwara

MamaShani, umetueleza dawa za mdogo wako, shabu yake, usingizi wake na mama mkwe wake. Kuhusu mumewe tumesikia tu kwamba ndoa inayumba na kwamba huenda akatoka nje. Je, anajua kwamba mke wake anaumia? Alipoambiwa, alisema nini?

#29 MamaShani_Moro

Zuhura, nimempigia mdogo wangu sasa hivi kumuuliza. Hajawahi kumwambia. Mumewe anadhani anachukiwa. Bhoke, mawifi wapo wawili, na mmoja anaishi mtaa wa pili. Mume wangu anasikilizana vizuri na shemeji yetu, nitamwomba amfuate Jumamosi wazungumze, na mimi nitaenda na mdogo wangu kliniki. Nitarudi hapa kuwaeleza.